Tairi Lililokaa Darini

Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1955, kwenye mteremko wa kwenda Kamsamba, tulimpoteza kaka yangu. Mashua haikupotea. Ilipasuka ubao mmoja wa ubavuni, ikatengenezwa, na watu wengine wakaivukia mto Momba miaka mingi baadaye. Naanza na hilo kwa sababu wako wanaosimulia kwamba mashua ilivunjika vipande vipande na dereva alikuwa amelewa. Dereva hakuwa amelewa. Nilikaa ubavuni mwake tangu Ruanda, huku kwetu Mbozi, na kama angekuwa amekunywa ningesikia harufu, maana nilikuwa naitafuta.

Dereva huyo alikuwa ndugu wa shemeji yangu, mke wa kaka. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita mlamu. Alikuwa mtu wa Tunduma, aliyekulia kando ya barabara kuu ya malori yanayotoka Rhodesia. Mimi nilikuwa mkulima wa kahawa na mahindi huku Mbozi, nimeishia darasa la nne katika shule ya misheni. Hatukupendana tangu siku ya harusi, alipowekewa ugali wa ulezi nyumbani kwetu akasema kwao ulezi hupikiwa pombe. Mama alikuwa hai bado na aliusonga ugali ule kwa mkono wake. Mambo mengine yalikuja kujipanga juu ya hilo.

Kaka alikwenda vitani na huko akajifunza magari. Aliporudi hakutaka jembe. Mzungu mmoja aliyekuwa akiwinda mamba ziwa Rukwa alipoondoka, kaka alichukua mashua yake pamoja na tela lake la magurudumu mawili. Wakati wa masika Momba hufurika, na watu wa bondeni, wenye mpunga na wenye ng'ombe, hukatika huku na huku. Kaka aliwavusha. Mvua zikiisha tuliipandisha mashua mpaka Ruanda, kwa sababu joto la kule chini hufungua mbao, maji yakaingia kama kwenye tenga. Mvua zikikaribia tuliishusha tena. Kwa hiyo tela lile lilitembea siku mbili tu kwa mwaka. Siku nyingine zote lilisimama.

Watu waliona ni ajabu kwamba kitu kinachotembea siku mbili kinatunzwa kila mwezi. Kaka alikuwa akisema tairi la lori hufa kwa kutembea na tairi la tela hufa kwa kusimama. Alilipandisha tela juu ya magogo, magurudumu yakaning'inia bila kugusa ardhi. Akafunika matairi kwa magunia ili yasipigwe jua. Kila mwisho wa mwezi aliyazungusha kwa mkono, akainama kutazama pembeni, mahali ambapo mpira hujikunja. Tukishusha mashua majini hakukubali tela liingie mtoni papo hapo, hata watu wakipiga kelele upande wa pili. Alisubiri vyuma vya katikati ya gurudumu vipoe, maana vikiingia na moto huvuta maji ndani. Likitoka, alifungua kila gurudumu, akapangusa, akapaka grisi mpya kwa kidole. Nilimshikia taa ya mchana, yaani kipande cha kioo cha kumulikia jua. Ndiyo kazi niliyojua.

Mwaka 1953 matairi ya Mzungu yalikuwa yamekwisha. Hayakuwa yamelika. Yalikuwa na meno yake yote, lakini pembeni yalipasuka nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Mlamu akatuita Tunduma, akasema amepata matairi ng'ambo ya mpaka. Tulimkuta nyuma ya duka la tajiri wake, ameyapanga ukutani, na mtu wa ng'ambo aliyeyaleta amekaa juu ya moja akila karanga.

"Haya hapa," mlamu alisema. "Tazama meno hayo. Mamba wa Rukwa akiyaona atakimbia."

Kaka hakutazama meno. Aliinua moja, akalikunja pembeni kwa magoti, akalinusa, akaliweka chini.

"Meno ni ya kushika tope," alisema. "Tela halivuti. Linavutwa. Nataka tairi lenye ubavu wa kubeba."

"Basi chukua la trekta," mlamu alisema.

Yule mwenye karanga alicheka. "Huyu mukwai anajua," alisema, na kwa lugha ya kwao mukwai ni neno la heshima. Mlamu hakulipenda.

Kaka aliyapitia yote. Aliacha mawili mapana ambayo mlamu aliyasifu sana. Akachukua matatu ya aina moja na kipimo kimoja, kwa sababu tela lenye tairi la kimo hiki huku na kimo kile huku hulaza mzigo upande mmoja. La tatu lilikuwa bora kuliko yote. Lilikuwa bado na zile nywele nyembamba za mpira ambazo hunyonyoka tairi likianza kutembea. Hilo ndilo likawa la akiba.

Mlamu akasema abaki nalo yeye, kwa kuwa lori litakalovuta tela ni la kwake kuendesha.

"Likibaki kwako," kaka alisema, "tutalisikia limefika Mbeya."

Tukacheka wote isipokuwa yeye. Mimi nilicheka zaidi ya kipimo na nilifanya makusudi. Njiani kaka akaniambia nilitunze mimi. Nyumbani kwake halitakaa, alisema, mke wake hawezi kumnyima ndugu yake kitu akija kuomba. "Kwako hataomba," alisema. Hilo lilikuwa kweli.

Nililibeba begani kutoka kwa kaka mpaka kwangu, na watu walinisalimia njia nzima. Nikafikiri ni wapi pa kuliweka. Ghalani kuna panya. Nje kuna jua, na kaka alichukia jua. Nikaliweka darini.

Kwetu dari ni kichanja cha fito kilicho juu ya meko, jikoni. Huko hukaa mbegu za mahindi, zimefungwa kwa maganda yake, na maharage ya mbegu, na mipini ya majembe, na kila kitu ambacho mtu anataka akikute mwakani. Moshi hukifanya kiwe cheusi na kigumu, na mdudu hakigusi. Mbegu za shemeji yangu pia zilikaa kwangu, kwa sababu jiko la kaka lilikuwa la bati na halikuwa na dari. Mama aliweka huko, na mama yake kabla yake. Kitu usichotaka kiharibike hukiweki mbali na moto, unakiweka juu yake. Niliondoa mahindi nikalipa tairi lile mahali pa katikati, pale ambapo moshi hupanda vizuri. Nilikuwa naliheshimu.

Mwaka uliofuata mlamu alikuja kumtazama dada yake, wakapita kwangu wote wawili kuchukua mbegu. Alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama juu.

"Mlamu," alisema, "hilo unalikausha ule na watoto?"

"Naliweka mbali na mikono ya Tunduma."

"Haya. Lifukize. Likiiva uniwekee paja."

Mke wangu alicheka, na shemeji akacheka mpaka akashika mlango. Mimi nilibaki na kuni mkononi. Nikazitia zote motoni mbele yake.

Nimelifikiria neno lile miaka yote hii. Hakuniambia kwamba moto huua mpira. Aliniambia kwamba mimi ni mshamba. Kama angelisema kwa njia nyingine sijui kama ningesikia, na yeye hakuwa na njia nyingine ya kusema nami.

Kaka naye aliniuliza, mara mbili au tatu.

"Lipo?"

"Lipo."

"Halipigwi jua?"

"Halipigwi jua wala mvua."

Hakuwahi kuuliza habari ya moto. Nadhani alikaa sana jeshini, akasahau dari.

Siku mbili kabla ya safari ya Novemba nililishusha. Lilikuwa jeusi kwa masizi na zile nywele zake zilikatika nilipozigusa, zikadondoka kama majani ya chai. Nikaliosha. Yalipotoka masizi niliona mistari myembamba pembeni, mingi, inazunguka tairi zima, kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Niliiona. Sisemi kwamba sikuiona. Nikasema moyoni ni masizi yaliyoingia kwenye mikunjo. Nikachukua mafuta ya nyonyo, nikalipaka lote, nikalisugua kwa kitambaa, na mistari ikajaa mafuta ikapotea. Likang'aa kuliko siku ile ya Tunduma. Baadaye fundi mmoja wa Mbeya aliniambia kwamba mafuta nayo huula mpira. Kwa hiyo nililiharibu mara mbili, mara ya pili kwa dakika chache.

Tuliondoka Ruanda asubuhi, watu watatu, mashua imefungwa kwa kamba juu ya tela, tairi la akiba limelazwa ndani ya mashua. Kaka alikaa dirishani, mimi katikati, goti langu likigusa goti la mlamu kila akibadilisha gia.

"Sogea," alisema.

"Nisogee wapi?"

"Mkulima hukosi mahali pa kukaa. Shamba lote ni lako."

"Dereva hana hata usukani. Ni wa tajiri."

Tuliendelea hivyo. Kaka alitazama nje.

Tulipofika juu ya mteremko, kabla njia haijaanza kushuka bondeni, tairi la kushoto la tela lilichomwa na jiwe. Upepo ulitoka polepole, tukausikia. Mlamu alisimamisha lori mahali pazuri, akatia mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki. Alijua kazi yake. Nililileta tairi la akiba likiwa linabingirika mbele yangu.

Kaka alilitazama. "Linang'aa," alisema.

"Nimelitunza."

Mlamu aliinama, akabonyeza pembeni kwa dole gumba, mara moja, mara ya pili. Akanyoosha mgongo.

"Limekakamaa," alisema. "Shemeji, hili si zima. Tuzibe lile lililotoboka. Kiraka na solusheni ninavyo."

Aliyemwita shemeji ni kaka. Nami nikajibu mimi, ambaye sikuulizwa.

"Kuziba ni mpaka mchana. Unataka tu isionekane kwamba mkulima alitunza kitu kikatunzika. Ungekuwa nalo wewe lingekuwa sasa hivi liko ng'ambo, Nakonde, limekuwa viatu vya watu."

"Mimi naongea na mwenye tela."

"Mwenye tela alinipa mimi."

Kaka alinitazama. "Ulilikalisha wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba, kaka. Wapi pengine?"

Mlamu alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema, na najua angekisema kwa kucheka, na mimi ningejibu. Kaka alijua pia kwamba ningejibu. Alipiga tela kwa kiganja.

"Basi. Nimechoka na ninyi. Tangu asubuhi nasikia kuku wawili. Asiseme mtu. Lifungeni."

Tulilifunga, mlamu na mimi, kila mmoja nati zake, bila neno. Kaka alilijaza upepo kwa pampu ya mguu, akaligonga kwa fimbo, akasikiliza. Sauti ilikuwa nzuri. Tairi kavu lina sauti nzuri.

Kwenye mteremko ule tulikuwa na desturi. Mtu mmoja alitembea kila upande wa tela akiwa na kabari ya mti, tayari kuitia chini ya gurudumu kama lori likizidiwa. Kulia nilikaa mimi. Kushoto alikaa kaka, ingawa siku nyingine zote upande wake ulikuwa wa kulia. Alibadilisha kwa sababu ya lile tairi. Alitaka kulisikiliza.

Lilipasuka kwenye kona ya pili. Halikutoa mlio mkubwa. Lilitoa mlio wa kibuyu kikiangukia jiwe. Tela likaketi upande wa kushoto, mkono wa chuma unaoliunganisha na lori ukajipinda, kamba ya mbele ikakatika, na mashua ikateleza pale alipokuwa kaka, ikamlalia. Mlamu alisimamisha lori palepale. Baadaye watu walisema alifunga breki kwa nguvu na ndiyo iliyomwua. Nilikuwepo. Breki ilikuwa sawa.

Tuliinua mashua wawili. Sijui tuliinuaje, kwa kawaida hubebwa na watu sita. Kaka alikuwa macho. Alisema neno moja, kwa kuuliza.

"Tairi?"

Mlamu alikuwa amepiga magoti, amemshika kichwa.

"Jiwe, shemeji," alisema. "Ni jiwe tu."

Tulifungua tela tukaliacha. Mlamu aligeuza lori mahali ambapo lori haligeuki, tukarudi juu kuelekea zahanati ya misheni. Nilimshika kaka kifuani njia nzima. Alikufa kabla hatujafika kwenye mashamba ya kwanza ya kahawa. Nilimwambia mlamu, "Punguza mwendo." Alielewa, akapunguza.

Maziko yalikuwa siku ya pili yake. Baba mkubwa, aliyebaki mkubwa wa ukoo wetu, alisimama karibu na kaburi. Watu walikuwa wakitupa udongo kwa zamu, kama desturi, ndugu kwanza, kisha wakwe. Mlamu alipoinama kuchukua udongo, baba mkubwa aliweka fimbo mbele ya mkono wake.

"Aliyemlaza hatamfunika," alisema.

"Baba, mimi sikumlaza."

"Lori aliendesha nani? Tairi la wizi la ng'ambo alileta nani?"

Mlamu alinitazama. Wengine hawakuona, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kunitazama mimi. Aliacha udongo udondoke, akatoka, akakaa nje ya ua kwenye ngazi ya lori lake. Alikaa huko siku zote za matanga. Dada yake alimpelekea chakula, na wanawake wa kwetu walinyamaza akipita.

Mimi nilikula ndani. Watu walinipa mkono, wakasema pole, wakasema afadhali Mungu alikuachia wewe. Usiku wa kwanza sikusema kwa sababu nilikuwa nalia. Siku ya pili sikusema kwa sababu nilikuwa sijasema siku ya kwanza. Siku ya tatu nilisikia wazee wameshaamua. Mlamu asikanyage tena ua wetu. Shemeji achague: abaki mke wa ukoo, asahau kwao, au aende. Wangetamka hayo siku ya kuondoa matanga, ambayo ilikuwa kesho yake.

Nilikwenda kwa miguu mpaka pale kwenye lori. Tairi lilikuwa nyuma; lilichomoka kwenye gurudumu lilipopasuka, nasi tukalitupia humo siku ile bila kufikiri. Mlamu alikuwa kwenye ngazi yake.

"Unataka nini?"

"Tairi."

"Ukalifukize tena?"

Nililichukua. Hakunizuia.

Siku ya kuondoa matanga watu walikuwa wamejaa uani. Mwalimu wa kanisa alisali. Baba mkubwa akauliza, kama inavyoulizwa, kama kuna mwenye neno kabla watu hawajatawanyika. Nikaleta tairi katikati, nikaliweka chini. Nikasema tairi hili lilinunuliwa zima, nilikabidhiwa mimi, nikaliweka darini juu ya moto miaka miwili, likakauka. Nikasema niliona nyufa nikazipaka mafuta. Nikasema mlamu alitaka lisifungwe, mimi nikabisha, na kaka aliponiuliza nilikoliweka nilimficha.

"Kaa chini," baba mkubwa alisema. "Msiba umekupanda kichwani."

"Sikai, baba. Tazama."

Nililikunja kwa magoti kama alivyofanya kaka Tunduma. Nyufa zikafunguka zote, tairi likatoa unga mweusi.

Kisha shangazi yangu, mzee sana, akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Kwani kitu huharibika darini?" Wanawake walitazamana. Kila mmoja alikuwa na dari yake.

Mlamu alikuwa amekuja mpaka kwenye lango la ua. Akajibu yeye. "Mpira si hindi, mama."

Halafu akanigeukia.

"Siku ngapi nimekaa nje?"

"Nne."

"Fimbo ilipowekwa mbele yangu kaburini, ulikuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao."

"Haya," alisema.

Baba mkubwa alikohoa. Akasema basi, kama ni hivyo, mkwe aende akatupe udongo wake, na mambo yaishe. Mlamu akasema udongo umeshakaa na kaburi limeshashindiliwa, hatatupa udongo juu ya jasho la watu wengine. Akasema yeye hana neno na marehemu. Akatoka.

Baba mkubwa hakumtazama tena mlamu. Alinitazama mimi, akatema mate pembeni, si kwangu, pembeni. Hakunisemesha mpaka alipokufa, miaka sita baadaye.

Nilirudi kwangu. Sikuwa nimekaa muda mrefu niliposikia lori likisimama nje, injini ikiendelea kunguruma. Shemeji aliingia jikoni bila kubisha hodi, amevaa nguo nyeusi, kanga moja mkononi. Mke wangu aliinuka kumpisha. Shemeji alikanyaga kinu, akapanda, akaanza kushusha mbegu zake darini, fungu kwa fungu. Alizijua zake kwa namna alivyosuka maganda.

"Shemeji," nilimwambia, "msimu umefika. Panda hukuhuku."

Alitandika kanga chini, akapanga mahindi juu yake, meusi yote kwa moshi, akafunga ncha nne, akaliinua fungu kichwani. Alipoinama kupita mlangoni hindi moja lilichomoka likaanguka ndani. Alifika mpaka kwenye lori, akalikabidhi fungu kwa ndugu yake. Kisha akarudi, akaliokota lile hindi, akaenda nalo.